Matofali ya Avenue Masuku

Siku waliponiaga kazini, wenzangu walitaka niwaachie neno. Nilikuwa na chupa ya soda mkononi, kuku alikuwa anapoa mezani, na watu wote walinitazama. Niliwaambia watie mafuta kwenye bawaba za kabati la ofisi, maana linalia. Ilikuwa kweli, lakini halikuwa neno. Neno lenyewe naliandika sasa nyumbani, asubuhi, kabla mke wangu hajaanza kuniuliza kwa nini bado navaa viatu vya kazi.

Niliingia katika huduma ya mazingira ya komini, yaani utawala wa sehemu yetu ya mji, nikiwa na diploma ya sekondari na viatu vilivyong'aa. Mkuu wa huduma alikuwa Papa Mwansa, mtu wa Kasenga. Alikuwa amekulia kando ya Luapula, na kwake mifereji ya Lubumbashi ilikuwa mito iliyokosa malezi. Alitazama viatu vyangu, akanitazama usoni, akarudi kwenye viatu.

"Unaenda ku ndoa ya nani?"

"Nimekuja ku kazi, Papa."

"Kazi iko kule." Alionyesha kwa kidevu mfereji uliojaa mifuko ya plastiki. "Bile biatu, biache kwa sentineli. Yeye njo anakalaka pakavu."

Nilimwachia mlinzi wa lango viatu, na siku hiyo nilifanya kazi nimevaa gumbuti za akiba za Papa Mwansa, kubwa kuliko miguu yangu. Kwa miaka mingi hatukuwa na vifaa zaidi ya gumbuti, koleo na mti wake wa kupimia. Ulikuwa mti mnyoofu wa msituni, wenye alama alizozichoma kwa chuma cha moto. Aliuzamisha mferejini, akausikiliza kama daktari, kisha akasema matope yako wapi na maji yako wapi. Ramani tulikuwa nayo moja. Ilining'inia nyuma ya mlango wa ofisi, na mlango ulikuwa wazi siku nzima, kwa hiyo hakuna aliyeiona.

Kilichonifaa zaidi kuliko mti ule ni namna yake ya kuuliza. Kila baada ya mvua kubwa tulizunguka nyumba kwa nyumba. Mimi niliuliza kama anavyouliza kila mtu: maji yalifika wapi? Na kila mtu alinionyesha kifuani, hata wale warefu. Papa Mwansa aliningoja nimalize, kisha akauliza kwa upole, "Mama, ulinyanyua nini ya kwanza?" Hapo mtu husahau kwamba anaongea na serikali. Anakumbuka gunia la unga, kisha redio, kisha mtoto, na kutoka hapo unajua maji yalivyoingia, kwa haraka gani, na kwa mlango upi. Vijana wangu, mkisahau yote mengine, shikeni swali hilo.

Mengine nilijifunza peke yangu. Sikuwahi kuandikishwa chuo kikuu, lakini siku za mapumziko nilipanda basi hadi Kasapa, na mbele ya kampasi nikanunua silabasi, yaani maelezo ya masomo, kwa watu wenye mashine za fotokopi. Silabasi ya hidrolojia ilikosa kurasa za katikati. Kwa muda mrefu nilijua vizuri jinsi mvua inavyoanguka na jinsi mto unavyofika baharini. Yaliyo kati ya hapo nilifundishwa na mfereji.

Avenue Masuku ilikuwa ya kwanza niliyokabidhiwa peke yangu. Inashuka kutoka barabara ya lami hadi kwenye kijito. Juu wanakaa wazawa wa hapa, familia zilizokuwa na mashamba kabla ya mtu yeyote kuchora barabara. Chini wanakaa wengi waliotoka Kasai, wao au wazazi wao, walionunua parseli, yaani viwanja, wakati ardhi ya chini ilikuwa bado inapatikana. Kule chini kulikuwa na vichuguu virefu. Kila aliyejenga alichimba udongo wa kichuguu chake, akafyatua matofali, akayachoma, akapandisha nyumba, na shimo likabaki nyuma ya jiko. Ni udongo mzuri kuliko wote. Lakini shimo hunywa maji ya mvua, na likishiba hurudisha kwa mwenye nyumba.

Shefu wa avenue, kiongozi wa wakazi wake, alikuwa Mama Ngalula, mjane aliyeuza samaki wakavu wa Kasenga. Baba yake alikuja kutoka Kasai kwa kazi ya reli. Mume wake alijenga nyumba ya mwisho kabisa, inayotazama kijito, kisha akamwachia nyumba, shimo na watoto. Nilimfahamu asubuhi moja baada ya mvua kubwa, nikiwa na Papa Mwansa. Mlango ulikuwa wazi, maji yalitembea sebuleni. Kitanda chake kilisimama juu ya matofali, na juu ya kitanda walikaa watoto wa majirani, gunia la unga, na kuku mmoja aliyekasirika.

"Mama," akasema Papa Mwansa, "hii ni kitanda ao ni bwato ya kuvukia mto?"

"Ni biro yangu, ofisi ya shefu. Ingia, Papa Chef. Lakini vua gumbuti, nimetoka kupangusa."

Papa Mwansa alicheka hadi akashika ukuta. Kisha akachukua kikombe, na sisi wote, pamoja na Mama Ngalula, tukateka maji na kuyamwaga nje hadi saa ya kula.

Papa Mwansa alipostaafu alirudi Kasenga. Aliniachia ule mti bila sherehe. Niliukuta asubuhi umeegemezwa kwenye meza yangu. Mara kwa mara, lori likija kutoka Kasenga kwa njia ya Kasomeno, dereva aliniletea samaki na salamu, na salamu zilikuwa zile zile: mufereji iko namna gani? Lori moja lilileta habari ya kifo chake. Siku hiyo nilitoka nikapima mifereji yote ya komini. Haikuhitajika. Sikujua kufanya kitu kingine.

Baada yake, majira yalianza kubadilika. Wakulima wa pembezoni waliliona kabla yangu. Mvua ilichelewa, watu wakapanda mahindi mara mbili, halafu ikaja yote kwa pamoja, kama mfanyakazi aliyechelewa anayetaka kumaliza kabla mkubwa hajatokea. Avenue Masuku ilifurika hata miaka ambayo zamani ingepita salama. Mama Ngalula aliongeza nguvu kwenye Salongo, kazi ya pamoja ya usafi. Kila Jumamosi aliwatoa watu wake kusafisha mfereji, na matope hawakuyaacha ukingoni kama tunavyofanya kwingine, hadi yarudi na mvua ya kwanza. Waliyabeba kwa karai hadi kwenye mashimo ya matofali, wakayajaza. Ilikuwa akili yao wenyewe. Mimi nilichangia toroli moja tu la komini, lenye gurudumu lililopenda kwenda kushoto.

Ndipo Kinshasa ikaandika. Taifa lilikuwa linatunga mpango wa kuhimili mabadiliko ya tabianchi, na miji yote iliombwa kusema ni nini kinaidhuru na nini kifanyike. Kwetu, barua kutoka juu ilikuwa na maana moja: wanauliza tunakosa nini. Kwa hiyo utawala wa komini ulijibu kwa uaminifu kwamba tunakosa pikipiki, viti vya plastiki, kompyuta na muhuri mpya. Tabianchi ilitajwa mara moja, kama sababu ya kuomba makoti ya mvua.

Jibu kama hilo haliwezi kujaza ukurasa, na ukurasa mtupu hujazwa na mtu mwingine. Rasimu iliporudi, mahali pa mji wetu paliandikwa sentensi fupi: wakazi wa kando ya vijito wahamishwe. Niliisoma nimesimama. Kwenye ramani iliyoambatanishwa, kando zote za vijito zilikuwa na rangi moja, na Avenue Masuku yote, kutoka kijito hadi karibu na lami, ilikuwa ndani ya rangi hiyo.

Bourgmestre, mkuu wa komini, alinipa ruhusa ya kuandika pingamizi. Niliandika kurasa chache na kuomba jambo moja, kwamba aliyetunga sentensi aje aone. Nilitegemea ukimya. Badala yake akaja. Alikuwa mhandisi, Madame Bénédicte, mama wa makamo kutoka Kinshasa, mwenye kofia pana na viatu vya kutembea. Hakujua Kiswahili, alisema hivyo mara moja, na aliniomba nimtafsirie kila neno, hata matusi. Nilimpenda.

Nilimpasha Mama Ngalula habari wiki moja kabla. Nilimwambia wazi: mgeni anakuja kuona mafuriko yanavyowatesa, ili mfereji wenu uingie kwenye mpango. Akaniitikia vizuri sana. Nilipaswa kushtuka.

Ilikuwa mwisho wa kiangazi, na tulipoingia Avenue Masuku nilidhani dereva amekosea njia. Kuta zote zilikuwa nyeupe kwa chokaa. Ile mistari ya kahawia ambayo maji huiacha ukutani haikuonekana popote. Mashimo ya njiani yalikuwa yamesawazishwa, mfereji umefagiliwa, naam, umefagiliwa kwa ufagio, na watoto walivaa nguo za kanisani. Madame Bénédicte alitembea taratibu akitazama kulia na kushoto. Kisha akaniambia kwa Kifaransa kwamba ni avenue nzuri kuliko zote alizoona katika safari yake, na kwamba haelewi kurasa zangu zilisema nini.

Nilimvuta Mama Ngalula pembeni.

"Mama, mumefanya nini?"

"Tumepokea bageni. Kwenu bageni banapokelewaka mu matope?"

"Huyu alikuya kuona matope."

"Najua. Akiona matope, ataandika tuhame. Asipoona, ataandika nini?"

"Hataandika kitu. Na mufereji hautajengwa."

"Basi tutabakia."

"Mutabakia mu mayi."

"Mu mayi yetu, Papa Ilunga."

Hilo halikuwa katika silabasi yoyote niliyoisoma. Alikuwa ameona kabla yangu kile nilichopaswa kukiona: ushahidi niliouhitaji ili wasaidiwe ndio huo huo ungetumika kuwaondoa.

Tukakaribishwa mezani kwake. Palikuwa na bukari, ugali wetu, samaki wa Kasenga, matembele. Majirani walijazana mlangoni. Nilikula kidogo, kisha nikaweka kijiko chini na kuwaambia wote kile nilichokiamini. Niliwaambia siwezi kuahidi. Lakini kwenye karatasi ya Kinshasa, niliwaambia, nyinyi wote ni rangi moja. Mpango usiojua maji yanafika wapi na hayafiki wapi utawaondoa wote, wa juu na wa chini. Ukijua, utalazimika kuwatenganisha. Kisha nikamgeukia Mama Ngalula, na nikauliza kama nilivyofundishwa.

"Mvua ikianguka, munanyanyuaka nini ya kwanza?"

"Kitanda," akasema, bila kufikiri.

"Na matofali ya kitanda iko wapi?"

Watu walitazama miguu yao. Kitanda cha Mama Ngalula, kilichoonekana kupitia pazia, kilikuwa chini kabisa, sakafuni, kama kitanda cha mtu asiyejua mvua. Mlangoni akacheka Papa Kasongo, fundi wa baiskeli anayekaa katikati ya avenue.

"Ya kwangu iko nyuma ya choo. Mama Shefu alisema tufiche."

Cheko liliwatoka watu wote pamoja, na Mama Ngalula akajifunika uso kwa kitenge, lakini mabega yake nayo yalikuwa yanatikisika. Nilimtafsiria Madame. Akaacha kula. Akauliza kama anaweza kuyaona.

Papa Kasongo akaenda, akarudi na matofali yake, akayapanga mbele ya mlango wake moja juu ya lingine, kwa kimo anachoinulia kitanda mvua ikija. Jirani yake akapiga kelele:

"Kasongo, mbili? Weye mwenye ulilalaka pa kwangu na bibi yako na bata yako?"

"Ile ni juu bibi anaogopaka."

"Ongeza, bwana! Mayi haina haya!"

Akaongeza moja. Basi kila mmoja akakimbilia nyuma ya jiko lake. Avenue nzima ikapanga matofali mbele ya milango, na kila mmoja akamkagua mwenzake kwa ukali kuliko mkaguzi yeyote niliyewahi kumwona. Mzee mmoja wa karibu na lami alijenga mnara, akitumaini msaada.

"Papa, kwako ni mayi ao ni bahari?"

"Nimezeeka, siweze kuinama."

"Toa! Toa yote! Kwako hata chura anakufaka na kiu!"

Akatoa yote, akanung'unika, akaacha tofali moja la heshima.

Madame Bénédicte alisimama katikati ya njia. Hakuhitaji tafsiri yangu tena. Mbele yake, kutoka lami hadi kijitoni, matofali yalipanda kama ngazi. Juu hapakuwa na kitu, au tofali moja. Katikati mawili, matatu. Na chini, kwenye nyumba za mwisho, yalipita goti. Aliomba mti wangu wa kupimia, akatembea nao mlango kwa mlango, akaandika.

Ilibaki nyumba moja. Mama Ngalula alikuwa bado hajaweka chochote. Alisimama mlangoni kwake akitazama avenue, na nilijua anahesabu nini. Angeweza kuweka matatu. Hakuna jirani ambaye angemwumbua, si yeye. Kwa matatu angebaki pamoja na wa katikati. Akaingia nyuma, akarudi na karai. Aliweka tofali moja, akalipangusa kwa kitenge. Akaweka jingine, akalipangusa. Alipomaliza, rundo lake lilikuwa refu kuliko yote, na alilazimika kulishika kwa mkono lisianguke.

"Papa Ilunga, mwambie aandike. Lakini aandike yote. Aandike na benye hawana hata tofali."

Nilimtafsiria Madame. Yeye aliandika, kisha akavua kofia yake, akasema asante kwa Kiswahili, neno pekee alilokuwa nalo.

Warsha ya mwisho ilifanyika mjini, katika ukumbi wa hoteli wenye baridi ya mashine. Sentensi ilijadiliwa kabla ya kahawa. Madame alipendekeza mpya: nyumba za juu na za katikati zibaki, mfereji uimarishwe pamoja na wakazi wanaoutunza, na nyumba chache za chini kabisa zihamishwe ndani ya mtaa ule ule. Bwana mmoja wa jimbo aliuliza, kwa haki, kwa nini ndani ya mtaa ule ule, wakati nje ya mji ardhi ni tele. Madame akanipa nafasi nijibu. Nilisema ni kwa sababu wanaosafisha mfereji kila Jumamosi wanaitwa na mtu anayekaa chini, na ukimpeleka mbali, mfereji utakufa na walio juu watafurika. Bwana yule akasema hilo hakulijua, na akaunga mkono. Tukaenda kunywa kahawa. Mambo makubwa ya maisha yangu ya kazi yalitokea hivyo, kabla ya kahawa.

Mpango ulipochapishwa nilimsomea Mama Ngalula, nikitafsiri kutoka Kifaransa. Alisikiliza hadi mwisho.

"Jina ya Masuku iko wapi?"

"Haiko. Wameandika 'baadhi ya mitaa ya chini ya Lubumbashi'."

"Basi shiye njo baadhi?"

"Njo nyinyi, Mama."

"Si mbaya," akasema. "Nilikuwa naogopa kuwa 'wakazi wahamishwe'."

Mfereji bado unangoja wajenzi. Sitawadanganya, vijana. Mpango haukuleta saruji, ulileta sentensi. Lakini bourgmestre, aliyekuwa ameogopa kusaini parseli bila andiko la kuegemea, sasa alikuwa na andiko. Familia ya Papa Mulenga, mmoja wa wazawa wa juu, ilikubali kuachia ukingo wa shamba lao la mihogo, nyuma ya nyumba za kwanza. Jumamosi moja, badala ya Salongo ya mfereji, avenue yote ilibeba vitu vya familia za chini kupanda mlima. Mama Ngalula alitembea wa mwisho. Hakugeuka. Aliniomba nitazame kwa niaba yake kama mlango umefungwa, na nikamwambia umefungwa, ingawa mlango wenyewe tayari ulikuwa umetolewa na kupelekwa juu.

Wiki iliyofuata alikuja ofisini kwangu na muhuri wa avenue, akauweka mezani. Sheria ilikuwa wazi: shefu hukaa kwenye avenue yake, na parseli mpya hazikuwa kwenye Avenue Masuku. Kwenye ramani hazikuwa kwenye avenue yoyote. Kulikuwa na kichochoro cha mihogo tu. Nyuma yake waliingia Papa Kasongo na wengine, wakajaza ofisi.

"Papa Ilunga, nani alisema avenue inapaswa kuwa mustari?" akauliza Kasongo.

"Sheria haisemi," nikasema, maana nilikuwa nimeisoma.

"Basi ipindishe."

Nilifunga mlango, na ramani ikaonekana kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Nilichukua kalamu. Bourgmestre alitazama kazi yangu, akauliza kama ninaumwa, kisha akasaini. Muhuri nikamrudishia Mama Ngalula mkononi.

Kwa hiyo sasa Avenue Masuku inaanzia nyuma ya shamba la mihogo, inalizunguka, inakata kona mbili, inagusa lami, ndipo inakumbuka kushuka. Kazi yangu ya mwisho kabla ya kustaafu ilikuwa kupaka namba kwenye lango lake jipya. Nilitaka kumpa namba moja. Alikataa. Alitaka ile ile ya zamani, kwa sababu watu wa Kasenga wanaomletea samaki wanaijua. Basi namba kubwa kuliko zote imekaa mwanzoni, na kule chini kijitoni, mahali ilipokuwa, watu wamepanda mianzi.

Siku moja mmoja wenu atapewa programu nzuri ya ramani. Ataona avenue inayozunguka shamba bila sababu, na namba zisizofuatana, na mkono utamwasha kunyoosha. Tafadhali asinyooshe. Aende kwanza Jumamosi asubuhi, ashuke hadi mferejini, aulize shefu anakaa wapi. Yeyote atakayemkuta mle ndani, hata akiwa na karai la matope kichwani, atainua mkono na kumwonyesha juu.